Kufungua poti ya malipo dukani bila kumfungulia kila mtu

Mteja amesimama kaunta, Mtaa wa Biashara, saa tano asubuhi. Amechukua korja tatu za leso za kupeleka Malindi, na anakuonyesha meseji kwenye simu yake: pesa zimeshatumwa. Nyuma yake kuna foleni, kijana wa stoo ameshafunga mzigo, mkokoteni unangoja nje. Meseji ile inaweza kuwa ya kweli. Inaweza pia kuwa imeandikwa na mteja mwenyewe dakika mbili zilizopita, maana kuiga maneno ya meseji ya malipo si kazi ngumu.

Ushauri wetu haujabadilika: usiangalie simu ya mteja, angalia yako. Lakini duka lenye kaunta nne, na stoo kule Kibokoni, haliwezi kumpigia mwenye duka kila mara kumuuliza kama pesa zimeingia. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa kisiwani wanataka kompyuta ya duka ipate uthibitisho moja kwa moja kutoka kwetu. Pesa zikiingia kwenye namba yako ya tili, mfumo wetu unatuma ujumbe kwa seva yako, na risiti inatoka. Simu ya mteja haina kazi tena hapo.

Huduma hiyo tunayo. Kinachosumbua ni kipande kimoja cha katikati: seva iko ndani ya duka, nyuma ya faiwoli, na ujumbe wetu unagonga nje bila kufunguliwa. Akiitwa fundi, mara nyingi anafungua kila kitu "ili ifanye kazi kwanza". Na kweli inafanya kazi. Inamfanyia kazi na mwizi pia.

Makala hii ni yako wewe mwenye duka pamoja na fundi wako, kaeni muisome mkiwa wawili. Sehemu za amri ni za fundi. Zilizobaki ni zako, kwa sababu hela ni zako.

Kwanza, unahitaji kweli?

Tuseme wazi, hata kama sisi ndio tunaouza huduma hii. Kama una duka la viungo lenye kaunta moja pale Marikiti, na simu ya biashara iko mezani mbele yako, huna haja ya haya yote. Simu inalia, unasoma, unatoa mzigo. Usilipe fundi.

Njia ya pili ni seva yako kutuuliza yenyewe. Kila sekunde kadhaa inapiga hodi kwetu: kuna malipo mapya? Hapo hakuna mlango wowote unaofunguliwa dukani, kwa sababu safari inaanzia ndani kwenda nje, na faiwoli karibu zote zinaruhusu hilo. Inachelewa kidogo, lakini kwa nyumba ya wageni ya Mji wa Kale yenye vyumba sita inatosha kabisa.

Unaohitaji poti ifunguliwe ni wewe mwenye malipo mengi kwa saa, kaunta zaidi ya moja, na seva inayokaa dukani.

Sanduku moja la posta, watu wengi

Fikiria S.L.P. Ploti nzima inatumia sanduku moja la posta: babu, mashangazi, wapangaji wa juu. Barua zinazotoka hazina shida, kila mtu anaandika yake na kuituma. Barua ya kujibu ikirudi, mwenye ufunguo anakumbuka nani aliandika kule, anampa. Ila ikija barua mpya, isiyotarajiwa, yenye namba ya sanduku pekee bila jina, mwenye ufunguo hajui ampe nani. Ataiacha hapo.

Mtandao wa duka uko hivyo hivyo. Kampuni ya intaneti inakupa anwani moja ya nje. Ndani kuna kompyuta za kaunta, printa, kamera, simu za wafanyakazi, kila kimoja na anwani yake ya ndani kama 192.168.10.20, ambayo haina maana yoyote ikitoka nje ya ukuta wa duka. Faiwoli ndiye mwenye ufunguo. Ujumbe wetu wa malipo ni ile barua isiyotarajiwa.

Poti ni namba inayoandikwa kwenye bahasha pamoja na anwani, kuonyesha huduma inayotafutwa. Tovuti salama hutumia 443. Kuelekeza poti ni kumwambia mwenye ufunguo: barua yoyote yenye 443 mpelekee seva wa stoo. Ni hilo tu. Hatari inaanza pale unaposema "barua yoyote" bila kuuliza imetoka kwa nani.

Angalia anwani yako kabla ya kumlipa fundi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Ingia kwenye modemu yako uangalie anwani ya upande wa nje. Halafu fungua moja ya zile tovuti zinazokuonyesha anwani yako inavyoonekana duniani. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, simama.

Sababu ni kwamba anwani za mtindo wa zamani, IPv4, duniani kote ni kama bilioni 4.3 tu, na zimekuwa adimu. Kwa hivyo kampuni za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, yaani S.L.P. nyingine juu ya S.L.P. yako. Ikiwa modemu inaonyesha anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, hilo ni eneo lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, habari ni ile ile: kuna mlango mwingine juu yako ambao wewe huna ufunguo wake. Modemu za laini ya simu karibu zote ziko hivi.

Fundi anaweza kuelekeza poti dukani kwako mpaka magharibi, hakuna kitakachoingia. Omba anwani ya umma isiyobadilika kutoka kwa kampuni yako ya intaneti, na uulize bei ya mwezi kabla ya kukubali. Ama rudi kwenye ile njia ya seva kutuuliza. Inashangaza kidogo kwamba haya yanatukuta Mombasa, mji ambao kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitia nanga mwaka 2009 na kuipa nchi nzima intaneti ya kasi. Kebo ipo mlangoni, anwani ndizo hazitoshi.

Jambo dogo kwa nyumba za Mji wa Kale: kuta za mawe ya matumbawe ni nene na Wi-Fi haizipendi. Seva iunganishwe na faiwoli kwa waya. Ujumbe wa malipo usitegemee bahati.

Sheria zenyewe

Mfano wetu unatumia OpenBSD, mfumo wa jamii ya Unix usiolipiwa, juu ya kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao. Faiwoli yake inaitwa PF. Iliandikwa na Daniel Hartmeier na ikaingia kwenye OpenBSD 3.0 mwaka 2001. Tumeichagua kwa sababu sheria zake zinasomeka, na mwenye duka anaweza kukaa karibu na fundi akaelewa anachofanyiwa. Ukitumia Linux maneno yatabadilika, mantiki haibadiliki.

Kadi ya kwanza, em0, inakwenda kwenye modemu. Ya pili, em1, inakwenda dukani. Majina yanategemea kadi zako. Amri ya ifconfig itakuonyesha. Modemu iwekwe kama daraja tu, iipitishe anwani ya umma hadi kwenye faiwoli. Kama haikubali, poti itabidi ielekezwe mara mbili: modemu kwenda faiwoli, kisha faiwoli kwenda seva. Na seva ipewe anwani isiyobadilika, la sivyo siku moja baada ya stima kurudi utakuta malipo yanapelekewa printa.

Kwanza, iruhusu mashine kupitisha safari kutoka kadi moja hadi nyingine. Andika mstari huu kwenye /etc/sysctl.conf:

net.inet.ip.forwarding=1

Kisha /etc/pf.conf:

nje = "em0"
ndani = "em1"
seva = "192.168.10.20"
table <malipo> persist file "/etc/pf.malipo"

set skip on lo
block log all
match out on $nje inet from $ndani:network nat-to ($nje)
pass out inet
pass in on $ndani inet from $ndani:network
pass in log on $nje inet proto tcp from <malipo> to ($nje) port 443 rdr-to $seva port 8443

PF husoma kutoka juu kwenda chini, na sheria ya mwisho inayolingana ndiyo inayoshika. Ndiyo maana block iko mapema: kila kitu kimefungwa, halafu tunafungua tunavyotaka. Mstari wa match ni ule wa barua zinazotoka. Miwili inayofuata inawaruhusu watu wa dukani kutumia intaneti kama kawaida.

Mstari wa mwisho ndio wa kusoma polepole. Unasema: ujumbe ukija kutoka nje, kutoka kwa anwani zilizo kwenye orodha ya malipo, ukielekea poti 443, upeleke kwa seva poti 8443. Maneno from <malipo> ndiyo kufuli. Ukimwona fundi ameandika from any mahali hapo, mwulize kwa nini. Jibu la "ndio rahisi" halitoshi.

Faili ya /etc/pf.malipo ina anwani zetu, moja kwa kila mstari. Tunakupa orodha hiyo ukijisajili, ndani ya akaunti yako ya biashara. Usikubali orodha iliyotumwa na mtu kwa meseji au WhatsApp, hata akisema anafanya kazi kwetu. Kwa mafunzo fundi anaweza kuandika 203.0.113.0/24, ambayo imetengwa duniani kote kwa ajili ya mifano na haina mtu.

Kabla ya kuwasha, kagua kama sheria zimeandikwa sawa, kisha zipakie:

pfctl -nf /etc/pf.conf
pfctl -f /etc/pf.conf

Amri ya kwanza haibadilishi kitu, inasoma tu na kulalamika kama kuna kosa. Usiiruke, hasa ukiwa unafanya kazi hii kwa mbali, manake faiwoli iliyokosewa itakufungia nje wewe mwenyewe.

Tahadhari kwa fundi anayejifunza mtandaoni: maelezo mengi ya PF yanaanza na mstari wa rdr on. Huo ni mtindo wa zamani. OpenBSD iliuacha kwenye toleo la 4.7, mwaka 2010. FreeBSD ndiyo iliyobaki nao kwa miaka mingi. Ukinakili wa huku ukabandika kule, utapata makosa tu.

Simu yako ikikataliwa, furahi

Watu hujaribu wakiwa ndani ya Wi-Fi ya duka, wanaandika anwani ya nje kwenye simu, inakataa, wanaanza kubomoa sheria. Jaribio hilo halina maana. Safari inayoanzia ndani inaingilia em1, na sheria yetu inasikiliza em0.

Zima Wi-Fi, tumia data ya simu, jaribu tena. Inatakiwa ikwame. Simu yako haiko kwenye orodha ya malipo, kwa hivyo ikifunguka ujue mlango uko wazi kwa dunia nzima. Ukiweka amri hii kwenye faiwoli, utaona hodi yako ikikataliwa hapo hapo:

tcpdump -n -e -ttt -i pflog0

Iache iendelee kwa dakika kumi uangalie. Utaona hodi nyingine ambazo si zako, kutoka nchi ambazo hujawahi kuuzia hata pakiti ya bizari. Hakuna aliyekulenga wewe. Ni programu zinazopita kila anwani duniani zikijaribu vitasa, mchana na usiku. Huwa tunapenda mwenye duka aone hili kwa macho yake, kwa sababu baada ya hapo hahitaji tena kushawishiwa.

Sasa jaribio la kweli: lipa shilingi 10 kwenye namba yako ya tili. Ujumbe wetu uonekane kwenye tcpdump ukipita, na seva iandike malipo. Hapo umemaliza upande wa mtandao.

Mlango umefunguka, lakini usiamini kila barua

Sehemu hii wengi huiacha, na ndiyo iliyo karibu zaidi na pesa. Ujumbe wa uthibitisho ni maandishi tu: namba ya muamala, kiasi, wakati, namba ya mlipaji. Kama seva yako inaamini chochote kinachofika poti 8443, basi yeyote anayeifikia anaweza kuandika "imelipwa, shilingi 45,000" na risiti ikatoka. Ni ile meseji ya kuiga tuliyoanza nayo, ila sasa inadanganya kompyuta, na kompyuta haina jicho la kutilia shaka.

Faiwoli inamzuia aliye nje. Haimzuii aliye ndani: mfanyakazi mwenye nywila ya Wi-Fi, au kompyuta ya kaunta iliyoingiwa na virusi. Kwa hivyo seva ikipokea ujumbe, ichukue namba ya muamala ituulize sisi kwa safari yake yenyewe: huu muamala upo, ni wa tili yangu, ni wa kiasi hiki? Tukijibu ndiyo, risiti itoke. Ilinganishe pia kiasi na bei ya mzigo. Na kama namba ile ile ya muamala ikija mara mbili, ihesabiwe mara moja. Mfumo wetu hurudia kutuma usipojibiwa, na duka lisilojua hilo linaweza kutoa korja mbili kwa malipo ya moja.

Wi-Fi ya wateja, kama unayo, itenganishwe kabisa na mtandao wa seva. Kahawa ya mgeni isikae meza moja na daftari la hesabu.

Milango ambayo hatutaki kuiona

Poti 3389, ile ya kushika kompyuta ya Windows kwa mbali, ndiyo mafundi hupenda kuifungua ili warekebishe mambo wakiwa nyumbani Kisauni. Iachwe imefungwa. Poti 3306 ya hifadhidata, vivyo hivyo. Poti 23, usiulize hata. Fundi akihitaji kuingia kwa mbali, atumie WireGuard, ambayo imo ndani ya OpenBSD tangu toleo la 6.8 la mwaka 2020. Anaingia kwa ufunguo wake binafsi, na ukiachana naye unaufuta ufunguo huo pekee.

Kamera za usalama zina kisa chake. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi video kwa maelfu, kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera hawakujua lolote. Kwa hivyo badilisha nywila ya kamera leo, na kwenye modemu zima kitu kinachoitwa UPnP, kwa sababu hicho huruhusu kifaa kujifungulia poti bila kukuomba ruhusa.

Kuna na upande wa sheria. Seva yako ina namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakutaka, data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, umjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Kama huna haja ya kuzihifadhi namba baada ya kufunga hesabu, zifute.

Cheti na stima

Ujumbe wetu tunautuma kwa njia iliyofichwa tu, kwa hivyo seva inahitaji jina la mtandao, mfano la .co.ke, na cheti. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, na hapa kuna mtego: kuvihuisha kwa njia ya kawaida kunahitaji poti 80 iwe wazi kwa wote, nasi tumefunga. Fundi atumie njia ya kuthibitisha kupitia rekodi za DNS. Asipofanya hivyo kila kitu kitakwenda vizuri miezi mitatu, kisha malipo yataacha kuingia, pengine Jumamosi ya kuelekea Idi.

Stima ikipotea, modemu, faiwoli na seva zote ziwe kwenye betri moja ya akiba. Ikizidi, uza kwa simu ya biashara kama zamani, na jioni linganisha daftari na taarifa ya akaunti yako kabla ya kufunga.

Siku anwani zetu zikibadilika, tunaweka orodha mpya kwenye akaunti yako ya biashara mapema na kukutumia barua pepe ya kukujulisha. Fundi aiandike upya faili ya /etc/pf.malipo, kisha atoe amri hii moja. Sheria nyingine zisiguswe, na kaunta haitasimama hata dakika:

pfctl -t malipo -T replace -f /etc/pf.malipo